Kula mimea tupu hapa Uganda: sababu zangu, na pale zinapochechemea

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kwa nini mtu aache nyama, samaki, maziwa na mayai vyote kwa pamoja; kama inawezekana kwa anayeishi Kampala kwa mshahara wa kawaida; na kama mtoto wako wa miaka miwili anaweza kuingizwa humo. Waliotangulia wamekujibu ama kwa kejeli kwamba hayo ni mambo ya wazungu, ama kwa kukuahidi utapona kila ugonjwa. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeoa Mbarara, huko Ankole magharibi mwa Uganda, naishi Wakiso jirani na Kampala, na ulaji huu nimekuwa nao kwa miaka kadhaa sasa. Nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Hilo la uzungu nalimaliza haraka. Angalia sahani ya hapa: matoke, posho (ugali wa mahindi), kalo (ugali wa ulezi), muhogo au viazi vitamu, juu yake maharage au mchuzi wa karanga, pembeni mboga za majani kama nakati au dodo, yaani mchicha. Ukienda Gulu utapewa malakwang, mboga ya majani machachu, iliyoungwa kwa odii, karanga na ufuta uliosagwa. Kijana asiye na hela mjini anakula kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage. Katika vyote hivyo hakuna mnyama. Nyama kwa nyumba nyingi ni ya Jumapili au ya sikukuu. Hata kukataa chakula kwa msimamo si jambo geni: Muganda wa ukoo wa Nsenene hali senene, wale panzi wa kuliwa, hata msimu ukifurika, wa Mmamba hagusi kambare mamba, na zamani wanawake wa Kiganda walikatazwa kuku na mayai. Kwa hiyo anayekwambia Mwafrika hachagui chakula hajakaa na Waafrika wengi.

Sasa sababu. Kwangu ya kwanza ni wanyama, na niliipata bandani. Nilikuwa nafuga kuku wa nyama upande wa Gayaza. Aliyefuga anajua utaratibu: vifaranga wa siku moja wanakuja kwenye maboksi, unawatandikia maganda ya kahawa, unawawashia jiko la mkaa wapate joto, chanjo ya gumboro na ya kideri kila moja kwa siku yake, na baada ya wiki tano au sita mnunuzi yuko mlangoni. Kuku wa kienyeji wa umri huo bado anamfuata mama yake. Huyu wa kisasa amezalishwa anenepe kuliko miguu yake inavyoweza kubeba, na wiki za mwisho utakuta baadhi wamekaa tu, wakitaka kula wanajiburuta kwa kifua mpaka kwenye chombo. Unaweza kumpa dawa, unaweza kumwongezea madini, lakini tatizo kubwa ni mbegu yenyewe, na mbegu hiyo ndiyo faida yako.

Halafu safari. Kila aliyekaa Kampala ameona boda boda ya kuku, wamening'inizwa kwa miguu kushoto na kulia, vichwa chini, juani, kwenye foleni ya Kalerwe. Wa mayai nao wana lao. Jogoo wa mbegu ya mayai hatagi na hanenepi upesi, kwa hiyo katika nchi nyingi viwanda vya kutotolesha huwachambua vifaranga, na madume wengi huuawa siku ileile wanapoanguliwa. Ndiyo maana anayeacha nyama akaongeza mayai mimi huwa namuuliza amemnusuru nani.

Siwashambulii wafugaji. Jirani yangu analipa karo ya watoto kwa banda lake na ninamheshimu. Nilichofanya ni kulifunga la kwangu.

Najua kuna atakayeuliza kuhusu Idi ya kuchinja, maana mimi ni Mwislamu. Sisemi nyama ni haramu. Alichohalalisha Mungu sina mamlaka ya kukiharamisha. Nasema halali si faradhi. Na dini hiyohiyo imetufundisha tunoe kisu barabara, tusikinoe mbele ya mnyama, tusimchinje mmoja mwenzake akitazama. Kasimame machinjioni alfajiri, ng'ombe wameshushwa kwenye lori walikosimama usiku kucha kutoka magharibi, uone ni mangapi kati ya hayo yanafuatwa. Idi ikifika nyama ya kwangu inatoka sadaka, mimi nakula pilau ya viazi.

Kazi yenyewe iko kwenye maziwa, hasa kama umeoa nilikooa mimi. Ankole maziwa ni heshima ya mgeni, na kwenye sherehe ya kumtoa binti lazima kuwe na eshabwe, samli iliyopigwa kwa chumvi ya mawe mpaka ikawa nyeupe. Mama mkwe aliponiletea maziwa nikayakataa, alinyamaza, kisha akamuuliza mke wangu mbele yangu, "Kwani ng'ombe wetu wamemkosea nini?" Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri kuhusu ndama. Mke wangu akaniokoa kwa neno moja: "Ni muziro wake," yaani mwiko wake. Mama akacheka, akaagiza niletewe bushera. Tangu siku hiyo nikienda kwao napewa bushera, ambayo ni mtama au ulezi uliochachuka na haina tone la maziwa, na hakuna aliyewahi kunihoji tena. Nakushauri uiazime njia hiyo. Mezani kwa wakwe hoja hazishindi, mwiko unaheshimiwa.

Nikiri pia kwamba ng'ombe wa baba mkwe ndio wanaoniweka njia panda. Ni wale wa pembe ndefu, wanatembea malishoni mchana kutwa, ndama anaachiwa anyonye kwanza ndipo mama ashushe maziwa, na mzee anawaita kwa majina. Ukisema hayo ni mateso nitakubishia. Lakini maziwa ya pakiti ninayokutana nayo dukani Kampala mengi yanatoka kwa chotara wa Friesian, na kwa mfugaji anayewafungia bandani ndama dume ni hasara inayopumua: hatoi maziwa, na kila lita anayonyonya ni lita isiyouzwa. Muulize mfugaji yeyote dume huyo anakwenda wapi. Msimamo wangu unahusu hayo ya dukani. Ya mzee nayaacha kwa kuwa sitaki kuwa na sheria mbili kichwani.

Upande wa mazingira, takwimu za dunia ni nzito. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013 walikadiria ufugaji unachangia asilimia 14.5 ya hewa ukaa na gesi nyingine za joto zinazotokana na binadamu, sehemu kubwa ikiwa methani inayotoka tumboni mwa ng'ombe na wenzake wanaocheua. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walionyesha kwamba mifugo inachukua asilimia 83 ya ardhi yote ya kilimo na malisho duniani, ikaturudishia asilimia 18 tu ya kalori na asilimia 37 ya protini. Ni ardhi nyingi mno kwa mavuno madogo.

Lakini ukizileta takwimu hizo Uganda bila kuzichuja, utaaibika mbele ya mtu anayeijua nchi. Kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, mvua haitabiriki. Ng'ombe anakula majani ambayo mtu hawezi kula na kuyageuza maziwa. Kumwambia Mkaramojong' apande nakati ni utani mbaya. Hoja ya mazingira inanihusu mimi na wewe, tunaopita soko la Nakasero au Kalerwe kila wiki na kukuta kila kitu. Kwetu inashika zaidi kwenye kuku kuliko kwenye ng'ombe wa malishoni, watu hawalifikirii hilo. Kuku wa nyama anakula mahindi, soya na mukene, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya mukene inayovuliwa inaishia kwenye chakula cha mifugo, wakati ni samaki wa bei nafuu ambaye maskini angeweza kumla. Kilo moja ya uzito wa kuku inamaliza karibu kilo mbili za chakula, na ndani ya uzito huo kuna manyoya, mifupa na utumbo. Nilikuwa nanunua magunia hayo mwenyewe, hesabu hiyo sikuhitaji kufundishwa.

Na mimea nayo isijifanye malaika. Mafuta ya kula ya mawese yamekata misitu ya visiwa vya Kalangala, na miwa imeingia msitu wa Bugoma. Mimi natumia ya alizeti kutoka upande wa Lira, ingawa bei yake iko juu kidogo. Kisha kuna jambo ambalo wanaosifia ulaji huu hawalitaji kabisa: mkaa. Maharage makavu yanakaa jikoni saa nyingi, na Kampala inapika kwa mkaa unaotoka kwenye miti ya kaskazini na ya katikati. Ukila maharage kila siku huku unayachemsha tangu asubuhi, sehemu ya ulichookoa kwenye nyama imetoka moshi. Loweka usiku kucha, umwage maji yale, nunua sufuria ya presha hata kwa kudunduliza, na msimu wa maharage mabichi ukifika jaza kapu, hayo yanaiva upesi.

Afya. Hapa ndipo napingana na wenzangu wengi wa mimea. Ukweli ulio imara ni huu: mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, WHO, iliweka nyama za kusindikwa, soseji na jamaa zake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vile ambavyo huenda vinasababisha. Gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Maharage, mboga na matunda yanasaidia moyo na presha, hilo nalo halina ubishi. Pia mwaka 2023 wabunge wa hapa waliambiwa na mamlaka ya dawa, NDA, kwamba wapo wafugaji wanaowapa nguruwe na kuku dawa za ARV, zile za UKIMWI, ili wanenepe. Kama ulikuwa unatafuta sababu ya kumtazama kuku wako vizuri, hiyo hapo.

Lakini chipsi, soda na chapati tatu pia ni mimea tupu. Nimeona watu wakiacha nyama na kujaza nafasi yake kwa wanga na mafuta, sukari ikapanda, kisha wakalaumu maharage. Na anayeingia kwa ajili ya afya peke yake hutoka siku anapojisikia vibaya kidogo. Ndiyo sababu nimeiweka mwisho.

Jambo moja ambalo si la hiari ni vitamini B12. Mimea haina ya kutegemewa. Usidanganywe na habari za udongo kwenye mboga au unga wa mwani. Mwili una akiba kwenye ini inayoweza kudumu miaka, ndiyo maana mtu anajisifu mwaka wa kwanza kwamba yuko sawa, halafu baadaye vidole vinakufa ganzi, damu inapungua, kumbukumbu inasumbua, na uharibifu wa mishipa ya fahamu ukikaa sana haurudi nyuma. Meza vidonge. Mimi nanunua duka la dawa, si ghali ukilinganisha na kilo ya nyama.

Madini ya chuma yapo kwenye maharage na mboga za majani ila mwili unayachukua kwa shida, kwa hiyo kamulia limau au kula na nyanya na chungwa, na chai isogeze mbali na mlo. Wanawake walizingatie hili zaidi. Watafiti wa NARO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, wametoa maharage yenye chuma na zinki nyingi, yanaitwa NAROBEAN. Ukiyapata sokoni yachukue. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinakupa vitamini A, na mmoja wa waliovihangaikia ni Mganda, Robert Mwanga, aliyeshiriki Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016. Ule viazi hivyo pamoja na mafuta kidogo au karanga, vitamini hiyo haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Na karanga zenyewe chagua kwa macho: zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu mara nyingi huwa na sumukuvu, sumu ya ukungu, na sumukuvu inaleta saratani ya ini. Sisi tunaozila kila siku hatuwezi kununua zile zilizosagwa tayari bila kujua zimetoka wapi. Mimi nachambua nyumbani, nakaanga, ndipo napeleka kusaga.

Nyumbani Tanga kila kitu tungekiunga kwa tui la nazi, mbaazi, kisamvu, mchicha. Huku nazi inakuja kwa lori kutoka pwani na bei inauma, basi nimehamia kwenye karanga. Mbaazi zinakubali. Kisamvu kinakubali vizuri mno.

Nimalizie na mtoto wako. Hapa Uganda kliniki zinafundisha kitobero, chakula cha mtoto kinachochanganya wanga, jamii ya kunde, mboga na kitu cha mnyama kama mukene au maziwa; kituo cha Mwanamugimu pale Mulago kimekuwa kikiwarudishia uhai kwa mapishi hayo watoto waliodhoofika. Mtoto wa miaka miwili ana tumbo dogo na mahitaji makubwa, na mimea inamshibisha kabla haijamtosheleza. Inawezekana kumlea bila vya wanyama, ila kwa B12 ya kila siku, karanga au ufuta kwenye kila uji, uzito unaopimwa kila mwezi na mtaalamu wa lishe anayejua unachofanya. Kama huna hayo manne, usijaribu. Mwanangu anakula mayai na maziwa, tulikubaliana hivyo na mama yake, na akifika umri wa kuamua nitamweleza kuhusu banda la Gayaza. Jina la vidonge sitaji hapa nisionekane nauza; ukienda duka la dawa sema unataka B12 ya mtu asiyekula vya wanyama kabisa, na usome kwenye kopo kila kidonge kina kiasi gani kabla hujalipa.