Nianze na simu, au ningoje laptopu?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nilimaliza kidato cha nne Novemba, na sasa niko nyumbani Ahero nikimsaidia mama kuuza mchele. Nataka kusomea sayansi ya kompyuta chuoni, ila shuleni kwetu somo la kompyuta halikuwepo. Binamu yangu anasema ningoje kwanza ninunuliwe laptopu, tena ati bila A ya hisabati nitajisumbua bure. Nina simu ya Android tu. Nianzie wapi?
Msomaji, Ahero

JIBU: Mwanangu, usingoje. Mimi programu yangu ya kwanza niliiandika kwa kalamu, kwenye daftari la hesabu, kwa sababu saiba ya Kondele ilitoza kwa dakika na pesa yangu ilitosha nusu saa. Nilikuwa nafika nimeshaandika kila mstari, napiga chapa upesi, inakataa, nanakili kosa na kurudi nalo nyumbani kulitafakari usiku kucha.

Wewe una saiba mfukoni. Pakua Pydroid 3, programu ya Android ya kuandikia Python, lugha ya kuipa kompyuta maagizo; ikishaingia, utaandika na kuendesha Python hata bando likiisha. Vidole vitachoka, sikufichi, na chuoni utahitaji laptopu, hata ya mtumba. Lakini hiyo ni ya baadaye.

Usikusanye video. Anza na mchele wa mama. Andika programu inayouliza mteja wa kwanza amenunua wa shilingi ngapi, wa pili ngapi, kisha itoe jumla. Utakwama mapema, na ninafurahi kwa niaba yako: kinachoingia kupitia input, amri ya kumuuliza mtu ajaze jibu, Python hukichukua kuwa maandishi, hata kikiwa tarakimu. Jumlisha 320 na 320 uone, itakupa 320320! Ukishahangaika na hiyo, hutasahau maisha yako yote kazi ya int, inayogeuza maandishi kuwa nambari.

Kisha ongeza madeni. Jina la mteja huku, deni lake kule. Python ina chombo cha kazi hiyo, kinaitwa dict. Mteja akilipa nusu, deni lipungue. Akimaliza, jina litoke. Halafu funga programu, uifungue tena: madeni yote yametoweka. Hapo utatafuta mwenyewe namna ya kuyahifadhi kwenye faili, na utatafuta kwa bidii, maana ni pesa za mama.

Kuhusu hisabati, binamu yako amechanganya mambo mawili. Alama zina uzito wakati wa kuomba nafasi, kwa hiyo soma masharti ya kila kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo. Usidhani masharti ya Chuo Kikuu cha Maseno na ya kile cha Masinde Muliro ni yale yale. Ila kwa daftari la mchele unahitaji kujumlisha, kulinganisha na subira. Hisabati nzito utaikuta chuoni, basi vitabu vyako vya sekondari usivigawe, hasa kile chenye matriki.

Programu ikikataa, usifute kwa hofu. Soma ujumbe wa kosa kuanzia mstari wa mwisho, ndiko Python hulitaja kosa lenyewe. Juu yake utaona nambari ya mstari lilipotokea. Ukikwama siku mbili, niandikie, uniletee programu na ujumbe huo neno kwa neno, bila kuufupisha.