Kabla ya kuihukumu ripoti, vuka feri ukaone mtoto anavyopimwa

Nyinyi mnaoanza kazi ya kutathmini utafiti wa lishe wa serikali, kitu cha kwanza mtakachokabidhiwa ni ripoti. Mtahesabiwa mafunzo, makala na fedha zilizotumika. Zisomeni, ila msiandike neno kabla hamjafika anakopimwa mtoto.

Mimi nilijifunza hili Likoni, ng'ambo ya feri hapa Mombasa. Mradi niliopewa ulikuwa na vipimo vya urefu vya watoto wengi, vimepangwa vizuri kabisa. Kuvitazama kwa makini, karibu vyote vinaishia na 0 au 5: 78.0, 82.5, 80.0. Vipimo vya kweli havina mapendeleo hayo. Kila tarakimu ya mwisho hutokea takriban mara moja katika kumi. Nikaenda zahanati. Ubao wa kupimia umewekwa kwenye sakafu iliyobonyea, dada mmoja anapima peke yake, mtoto analia na kukunja magoti, nje akina mama wamejaa na vitabu vyao vya kliniki mkononi. Dada yule sikumlaumu. Kazi ile ni ya watu wawili, mmoja kichwani, mwingine kwenye magoti na nyayo. Tena mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala. Ukimsimamisha, urefu hupungua kama sentimita 0.7, na kiasi hicho chatosha kumhesabu mzima kuwa amedumaa, yaani mfupi mno kwa umri wake. Katika ripoti hayo hayakutajwa.

Maswali ya chakula cha saa 24 zilizopita nayo yana mitego yake huku kwetu. Bibi mmoja wa Kisauni aliniambia, "Mwanangu, hapa twala sinia moja. Tonge za mtoto nitazihesabuje?" Na mabuyu na viazi karai alivyonunua mtoto barabarani, mama hana habari navyo. Ulizeni pia data zilikusanywa mwezi gani. Chakula cha jana katika Ramadhani ni futari na daku, si mahamri na mbaazi za asubuhi.

Kisha mtaambiwa mradi umepunguza udumavu. Kote Kenya ulishuka kutoka asilimia 26 ya watoto wa chini ya miaka mitano mwaka 2014 hadi 18 mwaka 2022, na kila mradi utataka sehemu yake ya sifa. Lakini kuna mengine yaliyobadilika: tangu 2012 sheria inataka unga wa viwandani uongezwe virutubisho, na tangu 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti. Waulizeni wenye mradi: matokeo yenu yalibadilisha uamuzi gani, na wa nani? Wakiwataja, nendeni mkawaulize wao wenyewe.

Kule Likoni tuliandika jambo moja tu kwa herufi nzito, kwamba aongezwe mpimaji wa pili. Niliporudi, dada yule alikuwa ameshika kichwa, kijana mwenzake magoti. Kwenye daftari nikasoma 79.3, 81.8, 76.4.