Turbo au NA? Maswali yenu kutoka Tabata mpaka Maskati

Maswali yamejaa na karibu yote yanazunguka jambo moja, ukitaka gari itembee kweli ujenge injini yenye turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, au ile ya NA, yani inayovuta pumzi yenyewe bila kusukumiwa hewa. Nimechukua machache. Mtaona mi siulizi kwanza turbo au NA, nauliza unaishi wapi, unaweka mafuta gani, na mfukoni umebaki na nini baada ya kununua hiyo turbo.

Shikamoo fundi. Nina Altezza RS200 gia za mkono, injini ni 3S-GE ile ya Beams. Washkaji wote wananiambia niweke turbo. Niko Tabata, Dar.

Marahaba mdogo wangu. Hiyo injini naipenda sana na ndo maana nakuomba usiifungie turbo. Toyota walishaikamua wenyewe kiwandani, cc 2000 tu lakini nguvu ya farasi 210 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na wamefika hapo kwa kuibana hewa sana ndani ya silinda, kompresheni ni 11.5 kwa 1. Sa chukua hewa ambayo injini inaenda kuibana mara kumi na moja na nusu, alafu kabla haijaingia uwe umeshaibana na turbo, joto linapanda mpaka petroli inajiwasha yenyewe bila kusubiri plagi, ndo ile sauti kama kokoto kwenye kopo tunayoita noki, na noki ikikaa kidogo tu ukiwa umekanyaga, pistoni inaondoka. Ukitaka turbo pale kwa usalama utabadili pistoni, konrodi, injekta, kompyuta, alafu ile giaboksi ya J160 nayo haipendi nguvu nyingi, kwaiyo mwisho utakuwa umenunua injini nyingine kwa vipande vipande.

Fanya hivi. Hakikisha VVT-i zote mbili, ile mitambo inayobadili muda wa valvu kufunguka, zinafanya kazi, maana gari nyingi nimezikuta moja imekufa na mwenyewe anadhani ndo nguvu yake hiyo, alafu weka heda nzuri, yani bomba za kwanza zinazotoa moshi kwenye injini, ekzosi isiyobana, na tyuni, yani kurekebisha kompyuta ya injini. Ukipata farasi 10 mpaka 15 za kweli kwenye magurudumu umefanya kazi nzuri. Najua zinasikika chache, NA iko hivo, kila farasi unayoongeza unaitolea jasho. Hela inayobaki peleka kwenye tairi, pedi za breki, shokapu na bushi. Raha ya gari yako iko kwenye kanyagio, ukigusa inaitika hapohapo, na hiyo raha turbo kubwa itakunyang'anya. We uko Dar, usawa wa bahari, hewa nzito unapata bure, itumie.

Sasa mkuu. Niko Rongai, nina Forester 2.0 isiyo na turbo na rafiki yangu ana ya turbo. Tukishuka Mombasa gari yangu inakuwa hai kabisa, tukirudi Nairobi inakufa, na yeye haoni tofauti kubwa. Ni tyuni ama ni akili yangu?

Akili yako iko sawa kabisa, na nimefurahi umeuliza maana hili watu wengi wanalipita.

Mombasa hewa inakukandamiza kwa karibu bar 1, bar ni kipimo cha presha. Nairobi uko mita kama 1,700 juu ya bahari na hewa imeshuka mpaka bar 0.83 hivi. Injini ya NA haina mtu wa kuisaidia, inakula kilichopo mezani, kwaiyo kama gari yako inatoa farasi 140 kule chini, ukifika nyumbani hesabia 117 hivi, labda juu kidogo kwa sababu hewa ya Nairobi ni ya baridi na baridi inasaidia. Hujaharibu kitu. Ukienda Eldoret itapungua tena.

Sa rafiki yako. Tuseme turbo yake inasukuma bar 0.7. Mombasa anapata 1 jumlisha 0.7, jumla 1.7. Nairobi anapata 0.83 jumlisha 0.7, inakuja 1.53, yani kapoteza asilimia 10 hivi wakati we umepoteza 17. Na akitaka kurudisha ile 1.7 yote inawezekana, ila turbo itabidi ifanye kazi kubwa zaidi, maana kule chini ilikuwa inaizidisha hewa mara 1.7 na huku juu inatakiwa kuizidisha zaidi ya mara 2, inazunguka kwa kasi zaidi, inatoa hewa ya moto zaidi, na intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, ikiwa ndogo anaanza kupata noki. Kwaiyo kama ana tyuni aliyofanyiwa Mombasa na busti, yani presha inayosukumwa na turbo, imepandishwa mpaka ukingoni, mwambie asiitumie hivohivo Nairobi bila mtu kukaa na kompyuta akaangalia.

Kuna upande wa pili ambao wauza turbo huwa hawausemi. Injini ya turbo kompresheni yake iko chini, kwaiyo kabla turbo haijaamka rafiki yako anaendesha injini dhaifu kuliko yako, kwenye hewa nyepesi. Ndo maana ukimwekea turbo kubwa ya kutisha, Nairobi itachelewa kuamka kuliko Mombasa, na kwenye foleni ya Lang'ata we utakuwa unatembea kwa raha na yeye anasubiri. Kwa watu wa milimani mi napendekeza turbo ndogo inayoamka mapema, na hapo simaanishi NA haifai huko juu. Shekhar Mehta alichukua Safari Rally miaka minne mfululizo, 1979 mpaka 1982, na Datsun zisizo na turbo hata moja, kwenye nyanda hizohizo. Ni mwaka 1984 ndo Björn Waldegård akashinda na Celica ya turbo, na baada ya hapo mambo yakabadilika.

Kama una hela ya mradi na unakaa Rongai, uza hiyo, nunua Forester iliyotoka na turbo kiwandani. Ni rahisi kuliko njia nyingine yoyote.

Fundi habari. Mimi nina Legacy yenye EJ20 isiyo na turbo, nimepata turbo ya mtumba bei poa sana hapa Mwanza. Naweza kuifunga tu na maisha yakaendelea?

Nzuri kaka. Hapana, na hapa naomba nikueleze kilichonipata.

Niliwahi kuwa na Legacy kama hiyo. Fundi mmoja akanifungia turbo ya mtumba, akachomelea bomba, akaacha injekta zilezile na kompyuta ileile, akaniambia nisipandishe busti nitakuwa salama. Wiki tatu gari ilikuwa tamu mno. Alafu nikaipandisha Kitonga nimebeba watu wanne na mizigo, na ule mlima hauna pa kupumzika, mguu uko chini muda mrefu, injini inapewa hewa nyingi na petroli ileile ya zamani, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda. Karibu na juu nikaona moshi wa bluu nyuma. Kufungua, pistoni ya silinda ya nne imepasuka pale katikati ya ringi. Nililala njiani na familia. Sijasahau mpaka leo, na ndo sababu nikiona mtu anafunga turbo bila petroli ya kutosha naumia kweli.

Ielewe hivi, turbo haitengenezi nguvu, inaleta hewa tu. Nguvu iko kwenye petroli, na hewa ikiongezeka petroli lazima iongezeke kwa kipimo. NA ukiikanyaga mpaka chini inakaa vizuri kwenye hewa 12.8 kwa petroli 1 au hapo karibu, turbo tunaishusha mpaka 11.5 hivi ili ile petroli ya ziada ipoze chumba. Hiyo huwezi kuipata kwa injekta na kompyuta ambazo hazijui kama kuna turbo. Kwaiyo orodha yako ya kweli ni injekta kubwa, pampu ya mafuta, kompyuta inayotyunika, kipimo cha hewa na petroli kwenye ekzosi, intakula, bomba la oili la kwenda kwenye turbo na la kurudi, klachi, na rejeta iliyo nzima. Turbo ya mtumba ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapo. Na kompresheni ya EJ20 yako ni kama 10 kwa 1 wakati zile zilizotoka na turbo ziko 8 mpaka 9, kwaiyo hata ukifanya yote bado utabaki na busti ndogo, bar 0.3 mpaka 0.4 mi nisingevuka.

Ukijumlisha utakuta injini nzima ya EJ205, ile iliyotoka na turbo kiwandani, pamoja na kompyuta na waya zake inakaribiana bei. Chukua hiyo, alafu usisahau kwenda kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari na kuwaambia watu wa bima, maana siku ya ajali ndo wataangalia.

Assalaam alaykum. Niko Maskati. Hapa watu wanaongeza turbo kwenye Nissan Patrol za 4.8 zilizotoka bila turbo na zinapaa kwenye mchanga. Mbona kwetu wengine mnasema NA isiwekewe turbo?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Swali zuri, na jibu liko kwenye chuma chenyewe. Ile TB48, injini ya hizo Patrol, ni silinda sita kwa mstari, bloku ni chuma kizito, kompresheni yake sio kali kama ya ile 3S ya Altezza, na cc zake nyingi zinaamsha turbo kubwa bila shida. Huko Ghuba kuna watu wamefika farasi zaidi ya elfu moja nayo, lakini hizo wamefungua wakaweka pistoni na konrodi za kufuliwa, ina maana chuma kilichopigwa sio cha kumiminwa kwenye kalibu. Kwaiyo sisemi NA yoyote isiwekewe, nasema angalia ni ipi.

Adui yenu nyie ni joto. Nje nyuzi 45, hewa ikipita kwenye turbo inaongezeka joto tena, na kwenye mchanga gari inatembea polepole injini ikiwa kwenye mzigo, upepo wa kupoza intakula haupo. Weka intakula kubwa, kipoza oili, na mwambie mtyuni akuwekee usalama wa kupunguza busti hewa inayoingia ikizidi joto fulani. Tyuni ifanyike mwezi wa saba mchana. Tyuni ya mwezi wa kwanza usiku itakudanganya.

Nikifika nyumbani nisubiri dakika ngapi kabla ya kuzima gari ya turbo? Iringa.

Kama ulikuwa unatembea kawaida mjini, zima tu. Kama umetoka kupanda mlima au kukimbiza, ile shafti ilikuwa inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na inaelea kwenye oili, ukizima ghafla oili inasimama kwenye chuma cha moto inaungua inakuwa masizi. Endesha taratibu kilomita mbili za mwisho, inatosha kuliko kusimama getini dakika kumi. Na badilisha oili kila kilomita 5,000, hapo sitanii.

Golf 5 GTI, Kampala. Nataka remapu tu bila kubadilisha kitu. Iko salama?

Gari ya turbo ya kiwandani ndo inayolipa kwa remapu, yani kuandika upya tyuni ya kompyuta, hiyo inatoka na farasi 200 na kwa kompyuta tu unapata ongezeko utakalolisikia mgongoni, kitu ambacho NA ya cc hizohizo haiwezi kukupa kwa bei ile. Ila kabla hujalipa, fungua pampu ya petroli ya presha kubwa uangalie kile kikombe kidogo kinachokaa kati ya pampu na kamshafti. Kwenye hiyo injini kinalika, kikitoboka kinakula kamshafti, na remapu inaiongezea pampu kazi. Kikombe ni bei ndogo, kamshafti sio ndogo. Angalia na klachi za DSG, ile giaboksi ya otomatiki yenye klachi mbili, kama yako ni otomatiki.

Fundi mimi ni dada, nina Runx Z gia sita, Dodoma. Nilivyoinunua waliniambia ikifika mizunguko 6,000 inabadilika sauti na kuvuta kama turbo. Yangu inafika 6,000 alafu inachoka tu. Nimeuziwa kanyaboya?

Hapana dada yangu, uwezekano mkubwa injini ni yenyewe ila imeumwa, na unayo mojawapo ya NA tamu kuliko zote zilizofika huku. Injini yako, 2ZZ-GE, ni cc 1800 yenye farasi 190, na siri yake ni kamshafti yenye nundu za aina mbili, ndogo za kutembelea mjini na kubwa za kukimbilia. Ukipita kama 6,200, presha ya oili inasukuma pini na valvu zinaanza kufuata nundu kubwa. Oili isipofika, nundu hazibadiliki, injini inabaki na pumzi ndogo huku mizunguko inapanda, ndo huko kuchoka unakokusikia.

Anza na rahisi. Pima oili, ikiwa chini jaza kwanza ujaribu tena, na ujaribu injini ikiwa imeshapata moto maana ikiwa ya baridi kompyuta inazuia makusudi. Alafu safisha kichujio kidogo cha valvu ya oili ya hiyo lifti, yani mfumo wa kubadili nundu. Bado? Mwambie fundi afungue kava la juu atoe zile bolti mbili zinazopitisha oili kwenye shafti za roka, moja upande wa kuingiza na moja wa kutoa. Kwenye gari za miaka ya mwanzo zinalika katikati na kukatika, Toyota wakaja kuzibadilisha muundo. Nunua zile mpya zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, ni kazi ya asubuhi moja.

Mpaka utakapozibadilisha usiipeleke juu ya 6,000, na ukishapona usikosee gia ukiwa kasi, ukitoka ya tatu ukaingia ya pili kwa bahati mbaya pampu ya oili ya hiyo injini haivumilii. Niandikie ulizikuta vipi hizo bolti, nataka kujua.