Kipupwe kikiingia, ingia msituni: niliyojifunza kwenye miombo ya Tabora

Juni ikifika, Tabora inakuwa mji mwingine. Bodaboda wanavaa makoti mazito, moshi wa kuni unatanda chini juu ya mapaa, na jua lenyewe linachelewa. Huku kwetu magharibi, msimu huu, linachomoza karibu saa moja kamili. Wenzangu wengi hubaki wamejikunyata na chai. Mimi ndio wakati wangu wa kwenda msituni.

Nimetembea misitu ya miombo inayouzunguka mji, hasa upande wa msitu wa Urumwa, kila kipupwe kwa miaka tisa sasa. Kila mwaka watu huniuliza waanzie wapi na waogope nini, kwa hiyo nayaandika hapa.

Kwa nini kipupwe? Kwa sababu masika msitu unajificha. Nyasi zinampita mtu urefu, na udongo mweusi wa mbugani unang'ang'ania kiatu hadi unakivua. Kipupwe nyasi zimelala, majani yanapukutika, na unaiona miti moja moja kama watu. Mninga utaujua kwa matunda yake ya duara yanayoning'inia matawini, katikati yana manyoya magumu na pembeni yamezungukwa na ubawa mwembamba mkavu kama karatasi. Ukikuta mninga umejeruhiwa, tazama jeraha: utomvu wake ni mwekundu kama damu. Nilipouona mara ya kwanza nilisimama muda mrefu, na tangu siku hiyo siwezi kuitazama meza ya mninga bila kuukumbuka mti wenyewe.

Kabla ya yote, omba ruhusa. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Pita ofisi yao, kisha msalimie mwenyekiti wa kijiji unachoingilia. Ukionekana peke yako porini bila mtu kukujua, utadhaniwa unakata magogo, na wana haki ya kudhani hivyo. Ugalla ni habari nyingine kabisa: tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa, ina wanyama wakubwa, na huko usitembee bila askari.

Ruhusa ukishapata, tafuta mrina asali. Huu ndio ushauri ninaoushikilia kuliko mwingine wowote. Mwenye mizinga anaujua msitu mti kwa mti, maana ameukwea kila mmoja. Mimi nilimpata mzee mmoja aliyekuwa akishusha asali mwezi wa sita. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, naomba nikufuate, nitakubebea ndoo." Akanitazama viatu kwanza. "Marahaba mwanangu. Lakini utatembea nyuma yangu, na nikisimama, simama." Mpaka leo natembea hivyo.

Sababu ya kusimama niliielewa mwaka wa pili, nilipomzunguka ili nipite mbele. Pembeni mwa njia palikuwa na mtambaazi umeukumbatia mti mdogo, una maganda mafupi yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, yanang'aa jua la asubuhi. Mazuri kweli. Nikayapitishia kiwiko. Upupu! Kipupwe ndio unakauka, na hata upepo mdogo unatosha kuyapeperusha yale manyoya. Mkono uliwaka hadi begani, na kila nilipojikuna nikawa nayahamishia shingoni. Mzee akanishika mikono yote miwili, akasema, "Usijikune. Usijiguse macho." Akachota maji kidogo kwenye dumu, akakoroga udongo na majivu ya mahali palipoungua, akanipaka tope zito na kuniketisha. Lilipokauka akalibandua taratibu, na manyoya mengi yakatoka nalo. Nyumbani nikaoga kwa sabuni, shati nikalifua peke yake. Kwa hiyo: mikono mirefu, suruali ndefu, na usiguse ganda lolote lenye manyoya hata likiwa zuri vipi.

Rangi ya nguo nayo ni muhimu. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Acha jinzi ya bluu nyumbani, vaa kaki au rangi ya majani makavu. Usijipulizie manukato, kwa ajili ya nyuki. Wakikuvamia usipepese mikono. Funika uso na ukimbie moja kwa moja mpaka waache. Mwiba wa nyuki ukwangue kwa ukucha, haraka.

Chini nako tazama. Asubuhi ya baridi kifutu hulala njiani akiota jua, na hakimbii kama nyoka wengine. Anakungoja umkanyage. Viatu vya kufunika kifundo, basi, tena vyenye soli nene, maana nyasi zikishaungua hubaki vishina vikali vinavyopenya ndala.

Nije kwenye kupotea. Miombo ya huku haina mlima wa kukuonyesha upande. Mti huu unafanana na ule, na njia ya mkokoteni wa ng'ombe inaweza kukuchukua nusu saa kisha ikaishia kwenye kisiki cha mtu aliyekata gogo akaondoka. Ilinitokea nikiwa na mdogo wangu, simu haina mtandao. Kilichotutoa ni kivuli. Juni na Julai jua la huku hupita kaskazini yetu, na linafika juu kabisa kama saa saba kasoro dakika kumi mchana. Saa hiyo kivuli chako kinaelekea kusini. Tulikuwa kusini mwa mji, kwa hiyo tukakipa kivuli mgongo, tukatembea, na baada ya muda tukasikia jogoo wa watu. Jifunze hilo kabla hujalihitaji, lakini kumbuka kuwa ifikapo Novemba jua limehamia kusini na kivuli kimegeuka.

Moto ndio unaonitisha zaidi. Nyasi zikichomwa mapema, Mei au Juni, zingali na unyevu, moto hupita chini na miti hupona. Moto wa Agosti hadi Oktoba ni mwingine: unapanda, unaua miche, unateketeza mizinga ya watu. Ukiona moshi, jua kwanza upepo unatoka wapi, usikimbie mbele ya moto, tafuta eneo lililokwisha kuungua usimame hapo. Na wewe usiwashe chochote, hata sigara. Nimeona mzinga wa gome umeungua, nta imechuruzika kwenye shina ikaganda kama machozi, na mwenye mzinga amesimama chini yake bila neno.

Chakula ni rahisi: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga mfukoni, maji lita moja na nusu kwa kila mtu, maana vijito vingi vimekauka. Ingia kunapopambazuka.

Kutoka, sisi hatutazami saa. Mwezi wa nane, jua likishapata nguvu, maganda ya mtundu, mti mmojawapo wa miombo, huanza kupasuka juu: ta! Kisha kimya kidogo, na mbegu zinadondoka kwenye majani makavu. Mzee akisikia la kwanza husimama, nami nasimama. Anatazama kivuli chake, anahamishia panga bega la pili, na kugeuza njia kuelekea kijijini.