Seli za saratani kwenye damu zimepungua, mama aache dawa?

Pole kwa kuuguza, dada. Umesema mama ana saratani ya mapafu, damu ikapimwa na seli za uvimbe zikaonekana zimepungua baada ya mizunguko miwili ya kemotherapi, sasa anataka kuacha dawa. Asiache, si kwa karatasi hiyo peke yake.

Seli hizo hubanduka kwenye uvimbe zikasafiri na damu. Daktari Ashworth wa Australia aliziona kwa hadubini tangu 1869. Shida ni uchache wake. Kwenye mililita 7.5 za damu, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, zinaweza kuwa mbili tatu tu katikati ya mabilioni ya seli nyekundu. Ukitoa damu nyingine muda mfupi baadaye, hesabu yaweza kubadilika kwa bahati tu. Kupungua ni dalili njema, sikatai, ila ukubwa wa uvimbe wenyewe unaonekana kwenye picha ya CT.

Ningekuwa wewe, ningemuuliza daktari kama vinasaba vya uvimbe vimepimwa. Yakipatikana mabadiliko kwenye jeni ya EGFR au ALK, kuna vidonge vinavyolenga hapo hapo. Hata damu hutumika, kwa kutafuta vipande vya DNA ya uvimbe. Lakini jibu likiwa "hakuna", bado kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kipimwe ikiwezekana.

Na kama kinachomchosha mama ni kutapika, aseme. Dawa za kuzuia zipo, na hata dozi hurekebishwa.