Zumaridi na zambarau kwenye sare ya sendofu: kosa haliko kwenye rangi

Dada, umeuliza kama kijani cha zumaridi na zambarau vinakaa pamoja kwenye sare ya sendofu ya mdogo wako, maana shangazi zenu wameshasema mtaonekana kama mkutano wa vyama viwili. Vinakaa. Nashona Kariakoo mwaka wa 14 huu, na hizo rangi ziliwahi kunitia hasara, kwa hiyo ninachokwambia nimekilipia.

Zilikuwa sare za akina mama 12. Mteja alitaka nusu kwa nusu: kulia zumaridi, kushoto zambarau, zote satini. Mezani kwangu zilipendeza hadi nikapiga picha. Ukumbini, chini ya taa za manjano, zambarau ikageuka damu ya mzee, na kwa mbali huoni tena gauni, unaona mtu aliyepasuliwa katikati. Salio la ufundi sikupewa mpaka leo, na aibu ilinizuia kudai.

Tangu hapo kwangu rangi moja inakuwa mwenye nyumba, nyingine mgeni. Gauni zima zumaridi, zambarau ije kwenye kilemba na mkanda, basi. Au geuza. Biringanya ni zambarau mwili mzima na kikofia kidogo cha kijani, na sijasikia mtu akisema haikupangiliwa.

Halafu kiangalie kijani chenyewe. Zumaridi ina ubuluu ndani yake, na zambarau ni buluu iliyoingiliwa na nyekundu, kwa hiyo wana undugu. Ukibeba kijani cha ndimu undugu umekatika, kile kinavuta kwenye manjano, na manjano ndiyo hasimu wa zambarau. Ila hasimu akija kidogo, uzi wa dhahabu shingoni tu, zambarau inachangamka. Fedha mimi siipendi hapo, naona inapoza. Mafundi wenzangu watanibishia.

Shangazi wakiendelea, waambie Mererani tanzanaiti na tsavoraiti ya kijani zinachimbwa ardhi moja. Tena tanzanaiti yenyewe mchana inaelekea buluu, chini ya balbu ya manjano inavuta zambarau. Jiwe linabadilika, itakuwa satini?

Kitambaa nacho kina tabia. Satini inarudisha mwanga, mahameli inaumeza, hivyo zambarau ileile ikishonwa kwa vyote viwili utadhani umenunua maduka mawili. Mimi ningeweka satini kwenye gauni na mahameli kwenye mkanda. Kilemba cha mahameli kwa joto la Dar ni adhabu, mama wa watu atakivua kabla ya keki.

Nunueni kwa pamoja, jora moja. Mmoja akisema atanunua chake mwisho wa mwezi, hiyo zumaridi yake itakuwa binamu wa zenu.

Kabla hamjalipa, ombeni kipande cha kila rangi, vilazeni pamoja, mpige picha kwa simu kisha muigeuze nyeusi na nyeupe. Vikitoka kijivu kimoja, mgeni hataonekana kwa mwenye nyumba. Tafuteni zambarau iliyokolea zaidi au iliyopauka kidogo. Na vipande hivyo mvipeleke ukumbini saa mbili usiku, si mchana, mumwombe mlinzi awashe taa zilezile za siku ya sherehe.