Kidari cha kuku kilichojazwa: kisikauke, kisivuje

Dada, umesema vidari vyako hutoka vikavu na jibini yote humwagikia kwenye trei. Pole, najua inavyouma ukiwa umewapikia watu wako kwa moyo.

Kuvuja kwanza. Usipasue kidari hadi upande wa pili. Chomeka kisu chembamba ubavuni, kwenye unene, ufanye mfuko wenye mdomo mdogo. Spinachi ya kujazia pamoja na jibini ikaange, ipoe, kisha ikamue kwa mikono hadi isidondoshe hata tone. Hapo ndipo wengi hukosea: maji ya mboga ndiyo yanayoisukuma jibini nje. Usishindilie. Funga mdomo kwa vijiti vya meno, na uvihesabu ili uvitoe vyote.

Sasa ukavu. Paka chumvi nusu saa kabla ya kukaanga. Kausha kwa taulo ya karatasi, kaanga kila upande dakika 2 au 3, halafu oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 15 hadi 20. Kipimajoto kikisoma 74 katikati ya ujazo, toa. Mimi nasisitiza sana hicho kipimajoto, kukisia ndiko kunakokausha nyama. Acha itulie dakika 5 kabla ya kukata.